Zamu ya Nyumba ya Aminiel

Tangu wamzike Anande, mke wa mzee Aminiel, jumuiya haikukanyaga tena kwake. Si kwa ubaya. Kila Jumamosi alfajiri waumini wa kitongoji kile cha Kikwe husali nyumba moja, wiki inayofuata nyumba ya pili, wakifuata mfereji kutoka juu kwenda chini. Wakifika kwake wanamruka. Mzee tumwache apumzike, wanasema.

Alipumzika mpaka akachoka. Kiangazi kikaingia, mahindi yakavunwa, mlima Meru ukawa unajifunika wingu asubuhi nzima, na yeye bado anarukwa.

Zamani alikwenda kanisani kwa sababu Anande anakwenda. Alikaa upande wa wanaume, mawazo yako kwa ng'ombe. Mwaka huu alikuwa anasikiliza. Neno moja la mahubiri alirudi nalo nyumbani, akalitafuna siku nzima huku akikata majani. Akaona kumbe mle ndani mna chakula chake pia, si cha Anande peke yake.

Jumapili moja ibada imekwisha, watu wako nje wananadi sadaka za mavuno. Akamwendea Mama Nice, mwenyekiti wa jumuiya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyumba yangu mnairuka."

Mama Nice akautua chini mkungu wa ndizi aliotoka kuununua. "Baba, tunakuonea huruma tu."

"Mtu akirukwa zamu ya maji, anasema. Nami nimesema."

Ndesanjo alikuwa karibu, akasikia. Huyu ni rika la Aminiel, ana duka Kikatiti, mzee wa kanisa, mdomo haufungi. Akacheka. "Na sala ya kufunga atasali nani? Jogoo wako?"

Hapo alimpata. Desturi yao, nyumba inayopokea ndiyo inayofunga kwa sala. Kwa Aminiel alifunga Anande, miaka yote ya ndoa yao. Yeye hakuwahi kusali kwa sauti mbele ya watu. Kusoma hajui, hata sala ya kitabuni isingemsaidia.

"Nitafunga mimi," akasema, akashika njia.

Ijumaa, siku moja kabla ya zamu yake, akaja Anneth, mke wa mwanawe, kutoka Levolosi mjini. Akaosha vikombe, akatandika kitenge mezani.

"Baba, nisali mimi kwa niaba yako? Hakuna atakayecheka."

"Nyumba ni yangu."

"Basi tufanye mazoezi kidogo."

"Ng'ombe wamenisikia wiki nzima. Hawajalalamika."

Anneth akacheka, lakini mzee alikuwa na hofu. Akishindwa, watamruka moja kwa moja, na safari hii watakuwa na haki. Nyumba ya Anande itakuwa nyumba ya kupitwa.

Asubuhi wakaja, wamejifunika mashuka na makoti. Wakaimba. Mama Nice akasoma Neno, wakalizungumza. Kisha macho yakafumbwa.

Aminiel akasimama. Yote aliyowaambia ng'ombe yakakauka kinywani. Akavua kofia, akaegemea fimbo, akasema kwa namna pekee aliyozoea kusema mbele za watu, ile ya kikao cha mfereji wanapopangiana zamu za maji.

"Mungu, mimi ni Aminiel, mume wa Anande. Huyo unaye huko, simdai. Ninayo haya. Mguu wa Mama Nice utazame, anatembea mbali kwa ajili yetu. Walio juu wanatufungia maji, waambie. Ndesanjo ana maneno mengi, lakini kaburi la mke wangu alichimba kwa mikono yake, na uzee ule. Mkumbuke. Mimi, nyumba ni kubwa jioni. Kaa humu." Akawageukia wenzake. "Kama kuna mwenye la kuongeza, aseme."

Watu wakafumbua macho, wakatazamana, wakafumba tena. Kwenye kikao cha mfereji hivyo ndivyo mwenyekiti anavyosema. Kwenye sala hawakuwahi kusikia. Mtu mmoja akakohoa. Mama Nice akawa anajiuliza kama aimbe.

"Mimi ninalo," Ndesanjo akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Macho yangu, Mungu. Dukani napapasa tu. Nyumbani nimewaficha."

Baada yake akasema mama mmoja, habari za mwanawe. Akafuata mwingine. Watu waliokaa pamoja kila Jumamosi walikuwa hawajui nusu ya mambo yale. Aminiel alibaki amesimama mpaka wote wakamaliza.

"Yamesikika," akasema. "Amina."

Jua lilikuwa limeshapanda. Ndesanjo akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akamgeukia.

"Umetuharibia, mzee. Sasa kila nyumba watataka kusema."

"Waseme."

"Na chai yako imepoa."

Aminiel akatazama. Hakuna aliyekuwa ameinuka kwenda zake.

"Mkwe," akaita kuelekea jikoni, "chochea moto. Watu wapo."