Ufagio Kwenye Filamu

Ilikuwa filamu fupi ya kuchekesha, ya wakati ule filamu zilipoanza tu kutoa sauti, na nusura initoe roho.

Mimi na mama tuliitazama alasiri katika bohari ya mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga, enzi za Mwingereza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara huyo. Alikuwa ameteremka bondeni Mtowisa kuchukua mpunga, siku ya tatu hiyo hajarudi, na mvua haikatiki. Kwetu kule msafiri akiondoka, kizingiti hakifagiliwi mpaka arudi, usije ukafuta nyayo zake. Asubuhi ile, mama akiwa kisimani, mimi na kiherehere changu nilikuwa nimefagia.

Kwenye filamu mwanamume anaaga, anapanda gari. Mkewe anashika ufagio. Bohari nzima ikapiga kelele: "We mama, usifagie! Mumeo yuko safarini!" Akafagia. Mtengenezaji mwingine angetuonyesha gari likibingirika. Huyu, fundi kwelikweli, aliiacha kamera palepale mlangoni. Tukasikia gari likienda, likififia. Kimya. Ufagio tu, shaa, shaa. Halafu kishindo tusichokiona, na gurudumu moja likaja taratibu likalala miguuni pa mwanamke. Akalifagilia pembeni.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Si kafagia!"

Nimeiona tena ukubwani, nikacheka, nikampa heko yule fundi. Alijua kwamba asichotuonyesha tutakijaza wenyewe. Siku ile mimi nilikijaza kwa baba. Niliona lori lake chali korongoni. Nilitaka kumwambia mama nilichofanya, nikaogopa. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, wa baridi, naye hakucheka hata kidogo.

Baba alirudi kesho yake jioni, matope mpaka kwenye nyusi, akililaani daraja lililochukuliwa na maji. Nikasema, "Shikamoo baba." Alipokwenda kuoga, mama akanipa ufagio.

"Haya mwanangu, sasa fagia."

Nikamwambia kizingiti ni kisafi.

"Najua," akasema. "Nilikiona jana, nilipotoka kisimani."