Sakafu Nyuma ya Nyumba ya Mkolani

Modesta Chenge alijua kununua. Miaka kumi na tisa ya kuuza dagaa wakavu, na kuwafuata mwaloni, wanakoshushwa kutoka ziwani, kabla hawajatiwa mkononi na wajanja wengine, ilikuwa imemfundisha kanuni moja: kitu unachokitaka, usikitazame. Tazama cha pembeni. Kilaumu hicho, pita, rudi, uliza bei ya kisichokuhusu. Muuzaji akishaona macho yako yametua wapi, umekwisha. Kwa kanuni hiyo alisomesha watoto wawili, na kwa kanuni hiyo hiyo nusura aaibike mbele ya mtaa mzima. Nasema nusura kwa kumhurumia tu, maana aliaibika kweli.

Alikuwa mpangaji huko Mirongo. Dagaa wakinyeshewa njiani hawana bei, lazima waanikwe upya siku hiyo hiyo, na kwa kuwa uani hapakuwa na nafasi, Modesta alipanda ngazi akawaanika juu ya bati la jiko. Wapangaji wenzake walilalamikia harufu. Paka wa jirani wakahamia kabisa. Mwishowe mwenye nyumba akamwambia mwisho wa Aprili awe ametoka. Modesta alikuwa na miaka hamsini na moja, na hapo akaapa kwamba hapangi tena. Atanunua nyumba, hata iwe ya vyumba viwili, mradi iwe na mahali pa kuanika ambapo hakuna mtu wa kumwambia ondoa uchafu wako.

Basi ushauri ukamiminika. Wanajumuiya wenzake wa kanisani kila mmoja alikuwa na lake. Huyu akasema asiuziwe mbuzi kwenye gunia, aende kwanza ofisi ya ardhi. Yule akasema nyumba hutazamwa mvua inaponyesha, si wakati wa kiangazi. Wa tatu akasema mke wa muuzaji asiposaini, utakuja kutolewa ndani na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Kichwa kilimuuma, lakini yote aliyashika na yote aliyafanya.

Nyumba aliipata Mkolani. Muuzaji, Elias, dereva wa malori, alikuwa anahamia Kahama na familia yake. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati lisilovuja na uzio wa minyaa pande tatu. Lakini kilichomkamata Modesta kilikuwa nyuma, kando ya jiko. Hapo palikuwa na sakafu ya saruji, laini, pana kuliko kitanda cha futi sita, imeinuka kidogo kutoka ardhini, na jua linaipiga tangu asubuhi. Moyo ukamruka. Akageuza uso haraka, akaanza kuusimanga mlango wa choo.

"Bawaba hizi zimeoza."

"Nitazibadilisha, dada."

"Na maji je?"

"Bomba lipo. Yanatoka mara tatu kwa wiki."

Akauliza mipaka, akauliza njia ya gari, akauliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Kuhusu sakafu hakutia neno, asije Elias akaipandishia bei. Elias naye hakusema kitu.

Ofisi ya ardhi ilithibitisha hati ni ya Elias, haina deni wala kesi. Mke wa Elias akasaini kuridhia. Modesta akatoa sehemu ya malipo, akapewa funguo aanze usafi. Ilibaki mwenyekiti wa mtaa, Mzee Luhaga, aandike barua yake, halafu wote waende kwa wakili kumaliza. Stoo alikuta msalaba wa chuma umesimamishwa nyuma ya mlango. Akasema moyoni, kumbe Elias ni mcha Mungu, akaufuta vumbi.

Wiki hiyo mvua ikamnyeshea magunia mawili. Modesta hakuhangaika. Aliyapakia kwenye bajaji hadi Mkolani, akawatandaza dagaa juu ya sakafu yake, akakaa kizingitini akiwatazama. Hakuwa ameona raha ya namna ile tangu azaliwe. Jioni walikuwa wamekauka, wanalia wakishikwa. Kesho yake wateja wakawagombea, na Modesta akarudi na magunia mengine.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya.

Mama Odeta, jirani wa upande wa chini, ndiye aliyemletea uji siku ya kwanza. Sasa alimsalimia akiwa anatembea, bila kusimama. Wanawake bombani wakanyamaza alipofika. Watoto walichungulia kwenye minyaa, wakaona dagaa, wakatimua mbio. Akaenda kwa Mzee Luhaga kufuata barua.

"Njoo wiki ijayo," akaambiwa.

"Kuna tatizo, mwenyekiti?"

"Tatizo litoke wapi? Wewe si ndiye unayejua ulichonunua?"

Modesta akatoka pale hajui kama amejibiwa au ametukanwa. Akawaza labda ni harufu, lakini Mkolani nzima inakula dagaa. Akawaza labda Elias ameuza mara mbili. Akarudi ofisi ya ardhi, na hati ilikuwa safi vile vile. Akapima mpaka upya kwa hatua, mara mbili, akapata hesabu mbili tofauti. Usingizi ukamkimbia. Kila kitu kilikuwa sawa na kila mtu alikuwa amebadilika, na Aprili ilikuwa inakatika.

Jumamosi alifika asubuhi akakuta bibi kizee amekaa kwenye kigoda pembeni ya sakafu, ungo mapajani, anawaokota dagaa mmoja mmoja. Mama Odeta alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Shikamoo, mama," Modesta akasema.

"Marahaba, mwanangu. Dagaa wako wazuri. Mzee wangu angewapenda." Bibi akaweka mwingine kwenye ungo. "Mimi ni Kija, mama yake Elias. Nakaa Magu kwa binti yangu. Nimepigiwa simu kwamba mume wangu ameanikiwa mboga, nikasema nije nione."

Modesta akaitazama sakafu. Akaitazama upande wa kichwani, palipokuwa na kitundu kilichozibwa kwa saruji mpya, na hapo akaukumbuka msalaba wa stoo. Akakaa chini pale pale kwenye udongo. Yeye Msukuma mzima, mzaliwa wa Misungwi, ambaye kwao babu na bibi wamelala nyuma ya nyumba! Ila alidhani mjini watu huzikwa makaburini. Na yale magunia mawili ya kwanza watu walikwisha kuyala, tena wakayasifia.

Aibu ilipompungua kidogo, hasira ikapanda. "Mama Odeta! Mmenitazama siku zote hizi. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulijua umeambiwa," Mama Odeta akajibu. "Nani ananunua nyumba bila kuambiwa kaburi? Tukasema, mtu anajua, na bado anaanika juu yake. Huyo ni mtu wa namna gani?"

Akampigia Elias. "Hukuuliza, dada," sauti ikasema kutoka Kahama. "Uliuliza hadi bawaba za choo. Nikajua umeona, umeridhika."

Modesta akakata simu. Alitaka kumtukana, ila tusi lilikosa pa kushika, kwa sababu ni kweli hakuuliza.

Mzee Luhaga aliitwa. Akasema Modesta ana haki ya kurudishiwa chake na kuondoka, na hakuna atakayemlaumu. Modesta akafikiria Mirongo na siku tisa zilizobaki. Akafikiria nyumba yenye kila alichokitaka isipokuwa kile hasa alichokitaka.

"Mimi nyumba sikatazi," Bibi Kija akasema. "Elias ana hati yake. Ila hii saruji ni pana kwa sababu ni ya watu wawili. Mzee yuko nusu moja. Nusu ile ni yangu. Hakuna aliyeniuliza kama na yenyewe inauzwa."

Maisha yake yote Modesta hakuwahi kuuliza kuhusu kitu alichokitaka kuliko vyote. Sasa akasogea, akapiga magoti karibu na kigoda.

"Mama, nusu yako ni ipi?"

Bibi Kija akaonyesha kwa kidevu. "Ya huku, karibu na jiko. Nataka niwe nasikia watu wanapika."

Modesta akamgeukia mwenyekiti, akamwambia aandike kwenye barua kwamba kaburi halimo katika mauzo, nusu zote mbili, na kwamba njia ya kufika hapo itakuwa wazi daima. Kisha akaenda stoo kuuleta msalaba. Dagaa waliobaki aliwapa bata wa Mama Odeta, na mchana huo huo akaazima ngazi ili akapime bati la jiko linabeba magunia mangapi.