Banzi la Mkono wa Eliza

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo na mkasi. Nilikuwa na darasa la nne tu. Mganga Mkuu wa hospitali yetu kule Mbozi akasema, "Utafunga vidonda. Kidonda hakiulizi cheti." Nikafunga mpaka nastaafu, ukiacha mwaka mmoja waliponitupa Itumba kwenye matope, na hayo tuyaache.

Miaka ya kuhamia vijijini aliletwa Eliza, mke mpya kutoka Hasamba, ameangukia moto kwa kiganja. Mganga Mkuu alichuna ngozi ya paja, akaipandikiza, ikashika. Akaniita.

"Ngozi hii ni nyembamba. Kidonda chini yake kikipona kinajivuta, kinaivuta nayo. Umeona ngozi ya ng'ombe isiyowambwa?"

"Inajikunja, bwana mganga."

"Basi wamba mkono huu."

Kuwamba ni banzi: kibao chenye pamba, vidole vimenyooka, miezi na miezi, kinafunguliwa tu kupaka mafuta, kukanda na kunyoosha vidole. Nilimweleza Eliza mpaka mate yakanikauka. Akaitikia, akarudi kwa mumewe.

Baada ya miezi amerudi, vidole vimelala kiganjani!

"Banzi liko wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Linafanya nini nyumbani? Linaumwa?"

Mama mkwe wake, aliyemsindikiza, akadakia. "Angeniamkiaje na ubao? Mimi ni mbuzi?"

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda zaidi. Kwetu mkwe haamkiwi kwa mdomo mtupu. Unapiga magoti, unapiga makofi taratibu. Kila asubuhi binti alifungua banzi aamkie, halafu aliona aibu kulirudisha mbele ya mama.

"Haya," nikasema, "mwamkie sasa."

Eliza akapiga magoti. Ngumi ikagonga kiganja, bila mlio. Mama akageukia ukutani.

Mganga Mkuu alikata kovu, vidole vikafunguka, akaweka ngozi nyingine, nene kuliko ya kwanza. Safari hii bandeji nilimpa mama mkwe. Yule mama alifunga kunishinda! Nilimsikia wodini: "Ukinipigia makofi kabla ya mavuno, nakurudisha kwenu." Mkono ulifunguka, isipokuwa kidole cha mwisho.

Sasa nakaa nyumbani, bado nakereka, na si kwa Eliza. Miaka yote ile nilipaza sauti kwa wagonjwa kuhusu banzi. Wakwe walipokuja kuwaona, mimi ndiye niliyekuwa nawatoa nje: "Muda umekwisha, mama, tupisheni tufanye kazi."