Shikamoo ya Upande wa Kushoto

Assalamu alaikum nyote, na wewe uliyeketi kushoto kwangu ambaye sikuoni. Mimi ni Mwanaisha wa Mishomoroni. Naishi peke yangu tangu niachike, na kazi yangu ni kuwapaka maharusi maua ya hina na ya piko nyeusi.

Zamani chumba changu hakikukosa watu. Maharusi na jamaa zao walijaa hadi mlangoni, na jirani yangu Bi Zuhura akituletea kahawa na kututania. "Mwanaisha, ukikosea maua hayo bwana harusi atarudi kwao!" Baadaye nikapata kibarua cha kupaka wageni hotelini Shanzu. Nilidhani mambo yameninyookea.

Maradhi yalianza na kichwa. Kila asubuhi kiliniuma nyuma ya macho, nikatapika kabla ya chai. Sikioni nikasikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Kisha nikisujudu, macho yakawa yaingia giza. Nikiinuka, mwanga warudi. Nitawaambia kweli, nilifurahi! Nilidhani ni unyenyekevu wa swala umenijia, nikazidi kurefusha sijida. Lakini giza lile lile likanijia nilipoinamia miguu ya bibi harusi, na hapo nikaogopa.

Kumbe jicho la kushoto lilikuwa linafifia pembeni, nami sijui, maana jicho halikuambii lisichokiona. Baraza ya Bi Zuhura iko kushoto mwa njia yangu. Nikawa nampita bila kumwamkia. Siku moja nikamsikia nyuma yangu, "Tangu apake wazungu Shanzu, yuwatupita kama magogo!" Nilipogeuka, alikuwa keshaingia ndani. Kwetu, kumpita mtu mzima bila shikamoo ni tusi. Kahawa ikakatika. Maua yangu nayo yakaanza kwenda upogo, na maharusi wakakatika pia. Wallahi, ukimya wa kile chumba uliniuma kuliko kichwa.

Hospitali nilikwenda peke yangu. Daktari wa macho, mwanamke mpole, alipiga picha nyuma ya macho yangu kwa mtambo wake. Akaniuliza, "Ukisujudu, macho huwaje?"

"Huingia giza, daktari. Umejuaje?"

"Maji yanayozunguka ubongo wako yana presha kubwa. Neva za macho zimevimba. Tukichelewa, utapofuka."

Nikalazwa. Nilichomwa sindano ya uti wa mgongo, yakatoka maji maangavu. Vidonge vilinitia ganzi vidoleni, na hata soda ikawa na ladha ya chuma. Nikaambiwa nipunguze mwili, nikapunguza. Saa ya kutazama wagonjwa, vitanda vya wenzangu vilizungukwa na watu. Changu hakikuwa na mtu. Nililia nikijifunika shuka.

Daktari akaja kuketi nami. Alinieleza kwamba yeye na wenzake wa ng'ambo huchunguza macho ya wanaanga. "Huko juu mwili hauna uzito, na maji yake hupanda kichwani. Baadhi yao neva za macho huvimba, karibu kama zako. Sababu hasa bado twaitafuta." Akaomba ruhusa kulinganisha picha za macho yangu na zao, bila kunitaja jina. Nikakubali. Nikawawaza watu wale, wamefungiwa mbali na kwao, hawana hata jirani wa kuwanunia! Mara ya kwanza nilihisi nina wenzangu.

Alhamdulillahi, presha ilishuka na macho yakaokoka, isipokuwa pembe ile ya kushoto. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura nimweleze. Mlango ulikuwa na kufuli. Alikuwa ameshazikwa, mimi niko wodini.

Namshukuru Mungu, na madaktari wale. Nawe ukiumwa kichwa na macho yakiingia giza unapoinama, usikae nalo. Nenda ukatazamwe nyuma ya jicho. Na mtu akikupita bila salamu, muite jina lake kwanza, kabla hujamnunia.

Mimi sasa nikifika baraza ile hutoa shikamoo kushoto, pawe na mtu pasiwe. Siku nyingi hakuna anayejibu. Juzi ikaitika sauti ya mama mmoja nisiyemjua, mpangaji mpya: "Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Nikageuza shingo nzima, nikamwona.