Kedi Asiyesema Pole

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya uwanja wa gofu, na mwanamke mmoja anapanga mipira midogo ishirini kuzunguka shimo. Kila mpira uko shubiri moja tu kutoka shimoni. Hata mtoto wa miaka minne angeusukuma ukaingia.

Anasimama, anavuta pumzi, anausukuma wa kwanza. Unatumbukia. Anausogelea wa pili. Nao unatumbukia.

"Jamani, mama mzima anacheza goroli!" anapiga kelele mwanamume mmoja kutoka kwenye kibanda cha kusubiria kazi. Wenzake wanaangua kicheko.

Yeye hageuki. Anamaliza yote ishirini, anaitoa, anaipanga upya. Leo ni siku ya pili na ya mwisho ya mashindano ya makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Anayeshinda hapewi kikombe. Anapewa nafasi moja ya ualimu wa gofu hapa klabuni, yenye mshahara wa kila mwezi, bima ya matibabu na likizo. Sharti ni kwamba mshindani asizidi umri wa miaka arobaini. Mwezi ujao mama huyu anatimiza arobaini na moja. Kwake yeye ni leo, au basi tena.

Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki hapa uwanjani. Kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti, anamwita Mama Hapana Pole.

"Nilianzia chumba cha kufulia taulo," anasimulia, huku akifuta fimbo zake kwa kitambaa. "Siku moja kedi mmoja hakufika. Msimamizi akachungulia mlangoni akaniuliza, 'Mama, una mgongo?' Nikamwambia ninao. Akanitwika mfuko."

Mfuko wenyewe una kilo kumi na tano, na kuzunguka mashimo yote kumi na manane si chini ya kilomita kumi. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Siku akipata mifuko miwili, nyumbani wanakula na kusaza. Mvua ikinyesha, wachezaji wakabaki makwao, anarudi mikono mitupu, kwa sababu kedi halipwi kwa kusubiri.

Miaka ya mwanzo alikuwa na huruma kuliko makedi wote. Mchezaji akikosea, "Pole, bosi." Mpira ukipotelea vichakani, "Pole sana, bosi." Hadi siku alipombebea mfuko daktari wa meno, mwanachama wa siku nyingi, kwenye fainali. Daktari akakosea mara moja, naye akampa pole ya nguvu. Akakosea tena, akaongezewa. Akavuruga mashimo matano mfululizo.

"Nilimfariji mpaka akashindwa!" anasema, na hapo anacheka hadi anashika ubavu. "Ukimpa mtu pole mapema, umeshamtandikia mkeka wa msiba. Ataacha kucheza, akae aomboleze."

Tangu hapo neno hilo akalipiga kufuli. Mchezaji akikosea, yeye anauliza swali moja tu: "Mpira uko wapi?" Haulizi umefikaje huko wala nani kaupeleka. Akishajua ulipo, wanaufuata wakaupige.

Baadhi ya wachezaji walikwenda kumshtaki kwa msimamizi. Eti hana utu! Leo hao hao wanapigana vikumbo kumpata. Daktari wa meno mwenyewe haoni haya kukiri.

"Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wasiogope," anasema, "lakini uwanjani nilikuwa naogopa kuliko wagonjwa wangu. Mama huyu akishaniuliza mpira uko wapi, akili inarudi mahali pake. Nimepunguza mikwaju tisa." Na gofu, kwa asiyeijua, mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Mume wake, fundi cherehani, ana malalamiko yake. "Juzi nimejichoma sindano kidole. Mwenzangu ananiuliza, 'Sindano iko wapi?' Ndoa gani hii?" Anasema hivyo akitabasamu, maana suruali ambayo mkewe amevaa leo kaishona yeye, na mfuko wa nyuma kauongeza upana ili mipira ikae vizuri.

Sasa tuje kwenye ile mipira ya shubiri moja, maana hapo ndipo penye donda.

Mwaka jana, kwenye mashindano haya haya, Mama Hapana Pole aliongoza kwa mikwaju mitatu, yakibaki mashimo mawili. Pale la kumi na saba, mpira wake ukasimama shubiri moja kutoka shimoni. Wachezaji wa kujifurahisha wakifika hapo husema, "Huo umeingia," na kedi anauokota kuokoa muda. Lakini kwenye mashindano hakuna cha umeingia. Sharti uingie kweli.

Mama akainama. Akauokota mpira wake, akaufuta vizuri kwa taulo, akatembea hadi shimo la mwisho na kupiga. Hapo ndipo mwamuzi alipomfuata na kumwambia ameondolewa.

"Mkono ndio uliookota," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka. "Miaka yote hiyo mkono unaokota mipira ya watu, siku moja utauambiaje kwamba huu ni wangu? Nililia. Miezi mitatu sikugusa fimbo. Nilijichukia, sikufichi."

Kilichomrudisha ni kazi. Akiwa nyuma ya daktari na mfuko begani, aligundua moyo wake umetulia tuli, hata mchezo ukiwa mgumu namna gani. Ila akicheza yeye, akili ilikuwa inatangulia mbele. Yuko shimo la tatu, moyo umeshafika la kumi na nane, umevaa sare ya mwalimu, unapokea pongezi.

"Nikafikiri sana, nikaelewa," anasema. "Mwaka jana alikuja kedi peke yake. Bosi, yaani mchezaji, alibaki nyumbani."

Basi akaamua kujiajiri, yaani kujibebea mfuko mwenyewe, kwa heshima zote. Kila alfajiri akifika anauweka mfuko chini na kusema kwa sauti, "Habari za asubuhi, bosi." Kisha anajijibu, "Nzuri, upepo unatoka wapi?" Kibandani walidhani amerukwa na akili. "Mwambie bosi wako akupe bakshishi!" walimtania. Yeye aliendelea. Alitaka mkono wake ujifunze kwamba mpira wa shubiri moja ni wa kupigwa, hata kama ni mara elfu.

Saa tatu kamili wanaanza. Baada ya siku ya kwanza amelingana mikwaju na kedi mmoja wa miaka ishirini na sita, wanayemwita Mshale kwa jinsi mpira wake unavyonyooka. Kila mmoja anabeba mfuko wake. Nyuma yao wanatembea makedi wengine, wafanyakazi wa jikoni waliotoroka kwa muda, na fundi cherehani aliyefunga duka.

Shimo baada ya shimo, mipira ya shubiri moja inakuja. Anaipiga yote, bila haraka, kila mmoja anausimamia kana kwamba hajawahi kuuona. Wanapofika la kumi na sita, anaongoza kwa mkwaju mmoja.

Hapo anapiga mpira unapaa vizuri, unachukuliwa na upepo, unatua katikati ya bwawa. Chubwi!

Mgeni mmoja, asiyejua mila za pale, anaita kutoka nyuma, "Pole sana, mama!"

"Nyamaza wewe!" wanamrukia makedi kama kumi kwa pamoja. "Huyo hapewi pole!"

Watu wanacheka, lakini Mama Hapana Pole hacheki. Ameegemea fimbo, macho yako majini, na kwa muda anaonekana kama mtu anayetaka kukaa chini. Mumewe anaziba mdomo kwa kiganja.

"Bosi," anasema mwishowe, kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia, "mpira uko wapi?"

Anajijibu. "Majini."

"Basi acha ulowe. Mwingine ninao mfukoni."

Anatoa mpira mwingine, anaweka, anapiga. Unaruka bwawa lote na kutua hatua mbili kutoka shimoni. Makelele yanayolipuka hapo yanawafukuza ndege mitini. Anapouingiza, amepoteza mikwaju miwili badala ya minne au mitano, na sasa yuko nyuma kwa mmoja tu.

La kumi na saba, Mshale anapiga mchangani, na mkwaju wa kwanza wa kutoka humo unagoma. "Nitasema ukweli," anaeleza baadaye, akikuna kichwa. "Nilikuwa nimeshampigia mama yangu simu kichwani kumwambia nimeshinda." Wanatoka hapo nguvu sawa.

La mwisho, Mshale anamaliza kwa mikwaju mitano. Mama amepiga mitatu, na umebaki mpira wa hatua sita, kwenye majani yanayoteremkia kushoto. Akiuingiza, kazi ni yake. Anazunguka nyuma ya shimo, anachuchumaa, anarudi. Midomo inacheza. Wawili hao wanashauriana.

Anapiga. Mpira unakwenda kulia, watu wanaguna, kisha unaanza kurudi kushoto, unapunguza mwendo, unafika ukingoni na kuingia.

Hakurusha fimbo wala hakupiga magoti. Alisimama tu, mikono kichwani, machozi yakimtoka, hadi makedi walipomnyanyua juu juu pamoja na mfuko wake wa kilo kumi na tano. Mshale alikuwa wa kwanza kushika mguu. Fundi cherehani alilia bila kujificha, akimwambia kila aliyepita, "Huyo mke wangu. Suruali hiyo nimeshona mimi."

Anaanza kazi Jumatatu. Mipango anayo tayari, na anaitaja kama mtu aliyekaa nayo muda mrefu. Siku ya kukata majani, uwanja unapofungwa, anataka kuwafundisha makedi wenzake bure. Kumi na wanne wameshajiandikisha, na Mshale ndiye wa kwanza kwenye orodha.

"Mwakani nafasi itakuwa moja tena," anasema. "Nataka waigombee hao hao niliowafundisha, mimi nikose wa kumshangilia. Kupiga mpira wanajua. Nitawafundisha kukaa pale mpira ulipo."

Tukiwa bado tunaongea, daktari wa meno anapita, anasimama, anavua kofia.

"Mwalimu," anasema, "Jumatatu somo langu ni saa ngapi?"

Mama anageuka nyuma kutazama ni mwalimu gani anayeitwa. Hakuna mtu. Anageuka tena taratibu, na uso wote unachanua.

"Saa mbili kamili, daktari," anasema. "Na mfuko ubebe mwenyewe."