Koo Langu na Bwana Rusty wa Fridley

Wapendwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Naitwa Naomi. Nilikulia Nyandarua nikikamua ng'ombe huku redio ikipiga muziki wa kantri, na nilipokuja Minnesota kusomea uuguzi nilikuwa tayari natunga nyimbo zangu. Bendi iliyonichukua ilikuwa ya mzungu mmoja wa mji wa Fridley, huko huko Minnesota, aliyejiita Rusty.

Rusty alikuwa nyota, kwa maneno yake mwenyewe. Kofia kubwa, buti za ngozi ya nyoka, mkanda wenye bamba kama sahani. Aliimba juu ya farasi, lakini tulipotumbuiza kwenye maonyesho ya kilimo nilimwona akimkimbia ndama. Nyimbo zake zote zilikuwa wimbo mmoja: mwanamke ameondoka, pombe imebaki. Kila nilipomletea wimbo wangu, alibadilisha neno moja, kisha akawaambia watu, "Huu tumeutunga."

Mwaka ule wa tisini na kitu, baridi ilipoanza, sauti yangu ikaanza kukwaruza. Tulikuwa tukiimba kwenye mabaa yaliyojaa moshi, nikadhani ni mafua. Hayakuisha. Nikimeza mate, nahisi kama nimemeza mfupa wa samaki. Nikipanda ngazi, pumzi inapiga mluzi.

"Usiitibu hiyo sauti," Rusty akaniambia. "Inauza. Kunywa wiski, uendelee."

Jumapili moja nilikohoa kwenye sinki, nikaona damu. Binamu yangu Mercy, anayefanya kazi hospitalini Maplewood, akaiona pia.

"Naomi, vaa koti. Tunaenda saa hii."

"Nina shoo Ijumaa."

"Shoo gani na unatema damu? Ingia kwa gari!"

Daktari alinipitishia mrija puani hadi kooni. Machozi yalinitoka, kamasi zikanitoka, nikatapika kidogo kwenye koti lake jeupe. Hakukasirika. Baada ya vipimo akaniita, Mercy akanishika mkono.

"Ni saratani," akasema. "Lakini umeiwahi. Tutaikata. Baadaye hutasema neno, hata kunong'ona, mpaka nikuruhusu."

Nilimuuliza kama nitaimba tena. Akasema hawezi kuniahidi. Nililia mpaka kwenye maegesho ya magari.

Baada ya upasuaji nilikaa kwangu Columbia Heights nikimeza uji uliopoa, kila tone likichoma. Siku moja Rusty akabisha. Nikafikiri amekuja kuniona. Hakuvua hata kofia.

"Ule wimbo wako wa mama," akasema. "Nimesahau ubeti wa tatu. Ninong'onezee tu."

Daktari alikuwa amenikataza. Rusty alijua; Mercy alimwambia mlangoni. Nilimtazama yule mtu mzima na buti zake zikichuruza theluji kwenye zulia langu. Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Nasikia aliuimba hivyo hivyo, beti mbili, akasema unamhusu mama yake.

Sauti yangu ilirudi polepole, nzito, kama si yangu. Niliichukia, kisha nikaizoea, na sasa naimba nayo kwa bendi yangu. Kila uchunguzi unatoka safi. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Mercy aliyenisukuma garini.

Sauti ikikauka na isirudi, nenda ukapimwe. Na anayekuambia uendelee kuimba huku unatema damu, mwachie jukwaa lote peke yake, watu wamsikie vizuri.