Mtaro wa Upande Wangu

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara anauza supu ya kuku wa kienyeji kama mimi, na chapati kama zangu, saa zile zile za asubuhi. Wateja wangu walikuwa wanaisifia supu yake huku wakinywa yangu. Nasema ukweli, nilikuwa namwonea wivu mpaka nikisikia kicheko kule kwake, chumvi inanizidi mkononi.

Mafundi wa kampuni ya maji walipokuja kupima, waliniuliza kama nina neno mtaro wa bomba ukipita mlangoni kwangu. Kwa akili zangu nikaona bomba likipita kwangu, mimi ndiye nitakayeunganishiwa kwanza, yule abaki na madumu yake. Nikawaambia, "Piteni huku huku." Nikawapa na supu ya bure.

Wakachimba, wakalaza bomba, wakaondoka bila kufukia. Wiki zikapita. Bibi mmoja wa Sepuka, ambaye kila akija mjini hunywa supu kwangu, alifika ukingoni na fimbo yake akasimama.

"Shikamoo, bibi!" nikamwamkia kutoka ndani.

"Marahaba, mwanangu. Wakishafukia nitakuja."

Akageuka. Nikamwona yule mwanamke wa ng'ambo anamvutia kiti, na roho ikaniuma kama nimeibiwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimechimbiwa kwa ombi langu.

Ndipo mtaa ukaitisha mkutano. Halmashauri ilikuwa inapitia upya kanuni za makampuni ya maji, umeme na simu yanayochimba barabara, na ilitaka maoni ya wananchi. Nilikwenda na langu moyoni: wakichimba, wachimbe pande zote mbili, kila mtu aonje. Kabla sijanyoosha mkono, jirani yangu akasimama.

"Mwenyekiti, kanuni iseme wasichimbe mlangoni kwa mtu bila kumuuliza. Na wakichimba, waweke mbao za kuvukia siku hiyo hiyo. Mwangalieni huyu dada yangu. Biashara yake inakufa, na hakuna aliyemuuliza!"

Watu wakampigia makofi. Hata makofi yale niliyaonea wivu, maana shida ilikuwa yangu na sifa akapata yeye.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, ni kweli hawakukuuliza?"

Wote walikuwa wananitazama, na jirani yangu ananitikisia kichwa kunitia moyo.

"Kweli," nikasema. "Hawakuniuliza."

Mtendaji akaandika.

Asubuhi iliyofuata jirani yangu alikuja na mbao mbili za kwake, akazilaza juu ya mtaro, akazikanyaga kwanza yeye kuona kama zinashika. Nikamkaribisha ndani. Nikampakulia supu ya bure, kama niliyowapa mafundi. Akainywa yote, akaisifia.